Mjadala: Namba ikipungua wakati wa kugeuzwa, lugha ya programu inyamaze au igome?

Wakuu, tunabishana ofisini tangu Jumatatu. Mfumo wa mteja wetu hutunza bei kwa dola, kisha huzigeuza kuwa senti. Bidhaa ya dola 19.99 ikatoka senti 1998. Jaribuni kwenye Python, lugha ya programu: int(19.99 * 100), yaani zidisha kisha geuza kuwa namba kamili. Kompyuta huandika desimali kwa mfumo wa mbili (0 na 1 tu), na 19.99 haiingii humo sawasawa. Jibu linakuwa 1998.9999999999998, int inakata mkia wote, senti imeyeyuka bila onyo.

Mimi nasema lugha igome: namba ikipoteza chochote, programu isimame. Nani anapinga?

Mpenda Senti: Napinga. Mkuu, int umeiita mwenyewe, leo unalia! Ungeweka round, inayokadiria hadi namba kamili ya karibu, ungepata 1999. Tena pesa tunza kwa senti, namba kamili, tangu mwanzo. Lugha unaisingizia.

Fundi wa Zamu: Hiyo "isimame" ilishajaribiwa. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliruka mara ya kwanza ikiwa na programu ya uelekezi iliyorithiwa kutoka Ariane 4. Namba ya desimali ya biti 64 (biti ni nafasi ya 0 au 1), iliyotegemea kasi ya mlalo, ikageuzwa kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo haivuki 32,767. Roketi mpya ilikuwa na kasi kubwa zaidi, namba ikafurika. Lugha ilikuwa Ada, nayo ilipiga kelele kama unavyotaka. Ila hakuna aliyeweka kinga kwa namba hiyo, kwa hiyo kompyuta ya uelekezi ikajizima. Ya akiba ilikuwa imeshajizima kwa kosa lilelile. Sekunde 40 hivi tangu injini kuwashwa, roketi ikasambaratika. Na hesabu yenyewe, baada ya kuruka, haikuwa na kazi tena!

Mleta mada: Hapo umenibana. Narekebisha: igome, halafu imlazimishe mwandishi aseme namba isipoenea afanyeje. Kama try_from, amri ya kugeuza namba katika lugha ya Rust: unapewa ama namba ama kosa, na huwezi kuifikia namba bila kuamua kuhusu kosa.

Mpenda Senti: Rust hiyohiyo ina "as", njia nyingine ya kugeuza namba. Chukua 300 iliyo kwenye i32 (namba kamili ya biti 32), ipeleke kwenye u8 (ya biti 8, haivuki 255) kwa "as": unapata 44, kimya. Herufi mbili tu. Ijumaa saa kumi na moja jioni, mteja anapiga simu, wewe utaandika ipi?

Mleta mada: ... Nimecheka. Nimeikuta "as" kwenye faili langu la juzi.