Mzee wa nyumba kumi anasambaza ujumbe wa uongo kuhusu ada ya kitambulisho. Nimwendee vipi?

SaibaUmoja:
Wadau, habari zenu. Naomba ushauri, tena ushauri wa mtu anayejua kuishi na majirani.

Nina saiba ndogo, duka la kompyuta na intaneti, hapa Umoja, Nairobi. Siku hizi wazee wanaingia na simu mkononi wakiuliza, "Binti, ni hapa tunalipia kitambulisho?" Kuna ujumbe unazunguka kwenye grupu yetu ya WhatsApp. Juu una nembo ya serikali. Unasema vitambulisho vyote vya zamani vinazimwa mwisho wa mwezi, kila mtu alipe shilingi 1,000 apate Maisha Card, kile kitambulisho kipya, na asiyelipa laini yake itafungwa na SHA, bima ya afya ya serikali, haitamtibu. Chini kuna namba ya kutumia pesa. Namba ya simu ya kawaida kabisa, jamani!

Aliyeuleta ni mzee wetu wa nyumba kumi. Si tapeli. Huyu ndiye aliyesimama na familia yetu tulipofiwa, na ugomvi wa maji na taka hapa mtaani unaishia kwake. Juu ya ujumbe ameandika, "Wananchi tusichelewe." Basi watu hawaulizi, wanatuma tu.

Shosho anayeuza sukuma pale steji alinionyesha SMS yake ya M-Pesa. Elfu moja imeenda, na jina lililotokea ni la mtu binafsi, si eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wala idara yoyote. Hiyo ndiyo pesa aliyokuwa aende nayo sokoni alfajiri. Akaniuliza kadi itatoka lini. Nilikosa la kumwambia.

Nikimkosoa mzee mbele ya grupu nzima nitakuwa nimemvunjia heshima, na nina hakika watu watasimama upande wake. Nikinyamaza, watu wanaendelea kuliwa. Nifanyeje?

Mtu_wa_Kayole:
Toka kwa hiyo grupu, dada. Watu wazima wana akili zao. Ukiingilia utaambiwa unatafutia saiba yako wateja.

SaibaUmoja:
Nikitoka mimi nitapumzika, lakini wale wazee watabaki na ujumbe uleule. Siwezi.

Karani_Mstaafu:
Dada, anza na shosho kabla ya mzee. Ile SMS ya M-Pesa aliyotumiwa, aitume ilivyo kwenda 456, namba ya Safaricom, aombe pesa irudishwe. Inawezekana kama aliyepokea hajaitoa, kwa hivyo fanyeni sasa hivi. Namba ya tapeli iripotini kupitia 333. Kisha nendeni kituo cha polisi, shosho aandikishe kisa na apewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio.

Halafu naomba watu wasimcheke huyo mzee. Ujumbe huu unaaminika kwa sababu vipande vyake vingi viliwahi kuwa kweli. Novemba 2023 serikali ilichapisha ada mpya: kitambulisho cha kwanza, ambacho kilikuwa bure, kikawa 1,000, na cha kubadilisha kikatoka 100 hadi 2,000. Watu wakaenda mahakamani, ada zikasimamishwa. Machi 2024 zikarudi zikiwa 300 na 1,000. Mwaka 2025 ile 300 ikaondolewa kwa wanaoomba mara ya kwanza. Sasa mzee wa watu atajuaje mambo yamesimama wapi? Hiyo 1,000 anayoiona kwenye ujumbe aliisikia kweli redioni, ila ni ya aliyepoteza kitambulisho au anayekibadilisha.

Hata la laini si geni. Mwaka 2022 tulipanga foleni kusajili laini upya tukiambiwa zitazimwa. Lakini usajili ule ulikuwa bure.

Na SHA: kujiandikisha ni bure, unabonyeza *147#. Kinacholipwa ni mchango, asilimia 2.75 ya mshahara, na kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi. Hakuna Maisha Card ndani yake.

Binti_Embakasi:
Karani asante. Mimi nauliza, mtu wa kawaida atathibitisha wapi? Maana kesho watakuja na ada nyingine.

Karani_Mstaafu:
Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema kodi au ada ya leseni haiwekwi wala haibadilishwi ila kwa mujibu wa sheria. Ada za vitambulisho nazo zilipopanda na zilipobadilishwa zilitangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Hutoka Ijumaa, na unaweza kulisoma bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Asiye na intaneti aende Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, iwe GPO, Makadara, Eastleigh au Kibra, aulize dirishani.

Kuhusu malipo, Paybill ya serikali ni 222222. Lakini msiishie hapo, maana tapeli anaweza kuandika hata hiyo akakupa namba yake ya akaunti. Malipo ya kweli huanzia kwenye ombi lako mwenyewe ndani ya eCitizen. Mfumo ndio unaokupa kiasi na namba ya kulipia. Kama hujaomba huduma yoyote, unalipia nini?

Nyumba_Kumi_Kariobangi:
Binti, mimi nafanya kazi kama ya huyo mzee, kwa hivyo nisikilize.

Sisi hupokea jumbe kutoka kila upande: kwa chifu, kanisani, kwa wanasiasa, kwa jirani. Tunachoogopa zaidi ni watu kuja kulalamika kwamba jambo lilikuwako na hatukuwaambia. Ndiyo maana mtu anasambaza upesi kabla hajasoma hadi chini.

Mwendee nyumbani kwake. Usianze na "Mzee, umekosea." Anza na shosho. Mwonyeshe ile SMS, asome mwenyewe jina la aliyepokea pesa. Kisha mwombe ampigie chifu ukiwa umeketi hapo. Akisikia kwa sikio lake, mwachie yeye aandike kwenye grupu. Neno lake ndilo lililowafanya watume, na neno lake ndilo litakalowazuia.

Binti_Embakasi:
Mzee wangu, kwa heshima zote, wakati binti anaketi na kunywa chai kuna mwingine anatuma elfu yake. Mimi ningeandika sasa hivi, bila kutaja jina la mtu.

Nyumba_Kumi_Kariobangi:
Hapo umesema kweli, mwanangu. Basi afunge saiba aende saa hii, chai itangoja. Mzee akikataa, aandike mwenyewe usiku huuhuu bila kutaja jina.

SaibaUmoja:
Nimerudi, wadau. Mzee hakukasirika. Alikaa kimya akaisoma ile SMS mara mbili, kisha akaniambia ujumbe aliupata kwenye grupu ya kanisa, kwa mtu anayemwamini. Amempigia naibu wa chifu, akaambiwa hakuna agizo kama hilo. Tumeandika naye ujumbe mpya, na amesisitiza jina lake liwepo. Kesho atapita nyumba kwa nyumba kwa wale wasio na WhatsApp.

Kwa shosho habari si nzuri. Pesa ilikuwa imeshatolewa. OB tumepata. Majirani wawili wamemchangia aende sokoni.

Githurai_Jirani:
Dada, ubandike huo ujumbe hapa. Kwetu umeingia hadi kwenye grupu ya matanga.

SaibaUmoja:
Huu hapa, badilisheni mtaa na jina:

"Majirani, ujumbe wa kulipa 1,000 ili kitambulisho kisizimwe ni wa uongo. Nimemuuliza naibu wa chifu mwenyewe. Kitambulisho ulicho nacho bado kinatumika. Usitume pesa kwa namba ya mtu. Kama ulishatuma, njoo kwangu au saiba leo na simu yako, usifute ile SMS. Mimi ndimi niliyeuleta hapa, na mimi ndimi ninayeuondoa. Mzee wenu."