Duka la mtandaoni la korosho: fedha ziingie wapi, mzigo ukae wapi?

Kutoka: Wa Mikindani, Leeds

Ndugu zangu wa Kusini, asalaam aleikum, na poleni na baridi.

Mimi na dada yangu aliyeko Mtwara mjini tunataka kufungua duka la mtandaoni tuuze korosho zilizobanguliwa kwa wateja wa huku Uingereza. Fundi wa tovuti anashauri kila kitu kikae kwa jina la dada: anwani ya .co.tz, malipo yaingie kwake, kisha yeye atume pakiti moja moja kwa posta hadi kwa mteja. Je, inafaa? Na vibali tunavyohitaji ni vya nchi ipi?

Kutoka: Wa Newala, Reading

Waaleikum salaam. Kaka, huo mpango umesimama kwa kichwa. Tovuti ndiyo kazi nyepesi. Duka hufa kwenye malipo na kwenye mzigo.

Tuanze na malipo. Stripe, kampuni inayopokea malipo ya kadi mtandaoni, haifungui akaunti kwa biashara iliyosajiliwa Tanzania, na wateja wa huku wanataka kulipa kwa kadi, si kwa kutuma pesa kwenye simu ya mtu wasiyemjua. Kwa upande wa mzigo, muuzaji aliye nje anayemtumia mteja moja kwa moja bidhaa zisizozidi pauni 135 anaingia kwenye utaratibu wa VAT ya Uingereza tangu mauzo ya kwanza. Hasubiri kufika pauni 90,000 kwa mwaka kama muuzaji aliye hapa. Bado hujahesabu gharama ya kusafirisha gramu 250 kwa ndege, pakiti kwa pakiti.

Pindua mpango. Duka liwe lako, lisajiliwe huku, na dada awe msambazaji wako anayekuuzia kwa ankara. Mauzo yakizidi pauni 1,000 katika mwaka wa kodi, unaoanza Aprili 6, lazima ujisajili HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, kama mfanyabiashara binafsi. Chakula kina sharti lake: jisajili kwenye halmashauri ya mji wako angalau siku 28 kabla ya kuanza kuuza, hata kama unafungasha jikoni kwako. Usajili huo haulipiwi, na wengi huusahau mpaka afisa wa afya anapogonga mlango. Omba pia EORI, namba ya forodha ya anayeingiza mizigo, inayoanza na GB, maana bila hiyo mzigo wa biashara hautoki forodhani.

Dada asajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa namba yake ya NIDA, achukue TIN ya TRA, kisha leseni ya biashara. Mliochukua uraia wa Uingereza, msitake majina yenu yaandikwe kule kama Watanzania. Uraia pacha hatuna.

Pesa mtumie kupitia benki, kila malipo na ankara yake. Ukimtumia vipande vipande kwenye simu, HMRC wakikuuliza gharama zako utabaki na picha za skrini. Kumbukumbu za mfanyabiashara binafsi hutunzwa miaka 5 baada ya Januari 31 ya kuwasilisha hesabu.

Kutoka: Wa Tandahimba, niko nyumbani

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Hapo juu mmeongelea karatasi, mimi niongelee korosho yenyewe.

Dada asinunue ghafi, yaani korosho zenye ganda, majumbani kwa bakuli. Hiyo ni kangomba, na inakamatwa. Ghafi inapita AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, na mfumo wa stakabadhi ghalani, msimu ukianza Oktoba. Kwa duka dogo haina haja kabisa: kilo moja ya korosho nyeupe inataka ghafi kilo 4 hadi 5, na mafuta ya ganda yanababua mikono ya asiyejua. Nunua zilizobanguliwa kwenye kikundi au kiwanda, na kabla ya kusafirisha dada apite Bodi ya Korosho, makao makuu yako hapo hapo Mtwara mjini, aulizie kibali cha mauzo ya nje.

Agiza kwa daraja, usiseme tu "nzuri". W320 maana yake ni korosho nzima 300 hadi 320 katika ratili moja, yaani gramu 454. W240 ni kubwa zaidi na bei yake iko juu. Ukipiga picha W240 halafu ukatuma W320, mteja haoni herufi, anaona amepunjwa. Dada apime mwenyewe: achukue gramu 454 kutoka katikati ya mfuko, ahesabu. Juu ya mfuko kila mtu huweka nzuri.

Unyevu usizidi asilimia 5. Korosho iliyokauka sawasawa inakatika kwa mlio. Inayopinda ina maji na itaota ukungu njiani. Ila ikikaushwa kupita kiasi inafika vipande. Sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, ndiyo inayorudisha mizigo: kwa korosho za kuliwa moja kwa moja, mipaka ya huko ni maikrogramu 2 kwa kilo kwa aina ya B1 na 4 kwa jumla. Cheti cha maabara kiwe cha fungu hilo hilo. Cha mwaka jana hakikusaidii kitu.

Ufungashaji wa kawaida wa biashara hii ni mfuko wa ratili 25, kilo 11.34, uliotolewa hewa, miwili katika katoni moja. Mfuko mmoja unakupa pakiti 45 za gramu 250 na vumbi kidogo la kuonja.

Kutoka: Wa Nachingwea, Bristol

Nimeisoma yote, na kwa mara ya kwanza Mmakonde kanifundisha kitu. (Utani, mtani wangu.) Niongeze ya tovuti na posta.

Anwani ya tovuti isajili kwa jina lako na barua pepe yako, isiwe ya fundi. Mkigombana na fundi, au kadi aliyowekea malipo ya mwaka ikiisha muda, duka linapotea na barua pepe zake. Programu za kuendeshea duka ziko mbili za kufikiria. Ukichagua WooCommerce, programu ni ya bure lakini ulinzi, masasisho na nakala rudufu ni juu yako. Shopify unalipa kila mwezi, wao wanabeba hayo. Kwa bidhaa tatu nne na mtu mwenye ajira nyingine, mimi naona Shopify. Fahari ya kujitengenezea haiuzi korosho.

Weka SPF na DKIM, mipangilio inayothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, kwenye barua pepe ya duka siku ya kwanza. Bila hizo uthibitisho wa oda unaangukia kwenye barua taka, mteja anadhani ametapeliwa, anaiambia benki irudishe pesa, nawe unapoteza korosho na pesa pamoja na ada ya mgogoro.

Makato ya Stripe kwa kadi za kawaida za Uingereza ni asilimia 1.5 na peni 20. Hizo peni 20 ndizo zinazouma. Ukiuza cha pauni 5 unakatwa peni 27 na nusu, sawa na asilimia 5.5. Ukiuza cha pauni 20 unakatwa peni 50, asilimia 2.5 tu. Kwa hiyo kiwango cha chini cha oda kiwe pakiti mbili.

Posta nayo inapimwa kwa unene. Royal Mail wanahesabu kitu kuwa barua kubwa kisipozidi sentimita 35.3 kwa 25, unene 2.5 na uzito gramu 750. Kikizidi hapo ni kifurushi, na bei inaruka. Pakiti ya gramu 250 iliyofungwa bapa, upana kama sentimita 15 kwa 20, inapita, na mbili zikilala ubavu kwa ubavu zinapita pia. Chonga tundu la sentimita 2.5 kwenye kadibodi, kila bahasha ipitie humo kabla ya kwenda posta. Pakiti ya kusimama inapendeza kwenye picha, lakini itakula faida yako.

Lebo iwe na jina la chakula, uzito halisi, neno la korosho limekolezwa kama kisababishi cha mzio, tarehe ya mwisho ya kutumika, namba ya fungu, nchi ilikotoka, na jina lako na anwani ya Uingereza. Onyo la mzio lazima lionekane kwenye tovuti kabla mteja hajalipa. Mteja wa mtandaoni ana siku 14 za kubadili nia, ila chakula kilichofungwa kikishafunguliwa hakirudishwi. Andika hivyo kwenye masharti.

Na weka akiba ya wiki 8 huku. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilileta mafuriko yaliyokata barabara ya Lindi kwenda Dar pale Somanga, na tarehe 12 mwezi huo huo nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikazorota vibaya nchini. Aliyetegemea dada apokee oda kwenye simu na apeleke mzigo Dar mwezi ule alikwama mara mbili.

Kutoka: Wa Mikindani, Leeds

Ahsanteni sana. Swali la mwisho: dada anajua kukaanga kwa chumvi vizuri. Zikaangwe Mtwara au huku?

Kutoka: Wa Newala, Reading

Huku. Ushuru wa forodha kwa korosho zisizokaangwa ni sifuri, na VAT yake pia ni sifuri. Zikishakaangwa au kutiwa chumvi zinahesabiwa kama vitafunwa, VAT ni asilimia 20, na utailipa forodhani hata kama hujasajiliwa VAT, bila njia ya kuidai. Tena mafuta ya korosho iliyokaangwa yanachacha haraka. Kaanga kilo 5 kwa mara moja, ziuze ndani ya wiki chache, na mwambie afisa wa halmashauri kwenye fomu kwamba unakaanga, usiandike "kufungasha" peke yake.