Tangi la molasi lililopasuka Boston 1919: nalisimuliaje watu wacheke bila kukufuru?

Kahawa Chungu, Moshi

Habari za jioni wadau. Jumamosi kijiwe chetu cha kahawa huku Majengo kina zamu ya simulizi, dakika 25 kwa mtu, na mada ni majanga ya zamani na uhalifu wa ajabu ajabu. Sharti ni moja: watu wacheke. Nimechukua lile tangi la molasi (ule uji mweusi mtamu unaobaki sukari ikitengenezwa) lililopasuka Boston, Marekani, tarehe 15 Januari 1919, likaua watu 21 na kujeruhi wengine 150 hivi.

Nimekwama mahali patatu. Wasikilizaji wangu ni wafugaji wa ng'ombe wa bandani. Molasi ya kiwanda cha sukari cha TPC wanaijua vizuri, wanajua inavyotoka kwenye dumu kwa kubembelezwa. Nikiwaambia ilikimbia kilomita 56 kwa saa watanirudishia kashata zangu. Halafu mwenyewe sielewi tangi la miaka mitatu tu lilipasukaje. Na mwisho ni utani: nina kipande kwamba marehemu walizama huku wakilamba vidole, kisha naunganisha na bia iliyofurika London watu wakanywa mpaka wakafa. Kinapita?

Fundi Tangi wa Njiro

Mkuu, anza na ukubwa, la sivyo hakuna atakayekuelewa. Tangi lilikuwa na kimo cha mita 15 na kipenyo cha mita 27, na siku ile lilibeba kama lita milioni 8.7. Hizo ni simtanki 1,740 za lita elfu tano. Watajie hesabu hiyo kabla ya jambo lolote.

Sasa uzito. Lita moja ya molasi ina kilo 1.4 hivi, maji yana kilo moja. Kwa hiyo molasi yenye kina cha mita 15 inakandamiza chini kama maji ya mita 21, yaani tani 21 kwa kila mita ya mraba. Zidisha kwa nusu ya kipenyo, mita 13.5, na utaona kwamba kila mita moja ya kimo cha mabati ya chini ilikuwa inavutwa huku na huku kwa tani 280 na ushee. Mabati yalikuwa membamba kuliko kazi hiyo ilivyotaka, yameungwa kwa ribiti (pini za chuma za kugongelea), na kila tundu la ribiti ni mahali pa ufa kuanzia. Chuma chenyewe kilikuwa na manganizi kidogo, kwa hiyo kwenye baridi kinakuwa kama biskuti. Wachunguzi wengi wanaelekeza kidole kwenye mlango wa chini wa kuingilia tangi kwamba ndipo ufa ulipoanzia.

Kicheko chako hukitafuti mbali, kipo kwenye jaribio. Tangi jipya hujazwa maji mpaka juu, unaliacha, unazunguka na tochi kutafuta jasho. Hata hivyo kwa molasi jaribio hilo ni pungufu, maana maji ni mepesi. Umelipima kwa asilimia 70 tu ya kazi yake. Arthur Jell, aliyesimamia ujenzi mwaka 1915, alikuwa mtu wa fedha, hakuwa mhandisi, na michoro hakuweza kuisoma. Aliweka maji ya inchi sita. Inchi sita! Sentimita 15! Ukipiga hesabu, alilijaribu tangi kwa mzigo mdogo mara 140 kuliko ule liliokuja kubeba. Ni sawa na kupima daraja la Kikafu kwa kupitisha kuku.

Likaanza kuvuja mapema kabisa. Watoto wa mtaa wakawa wanakuja na makopo kukinga. Kampuni yenye tangi ikaona hili jambo haliwezi kuachwa hivihivi, ikachukua hatua: ikalipaka tangi rangi ya kahawia, ili michirizi isionekane. Hapo nyamaza, kunywa kahawa yako funda moja, usiongeze neno.

Kuhusu mwendo: usibishane na mfugaji, anasema kweli kuhusu dumu lake. Kwenye dumu mnato, yaani ule ugumu wa kutiririka, ndio bwana. Kwenye lita milioni 8.7 zilizosimama mita 15 na kuta zimeondoka ghafla, uzito ndio bwana, mnato haupati hata nafasi ya kujitambulisha. Wimbi la mita 7 mpaka 8 liliondoka kwa hiyo kilomita 56 kwa saa. Mjini mwisho ni 50, trafiki angeliandikia elfu thelathini. Mnato unakuja kulipiza baadaye: siku mbili nyuma meli ilikuwa imeshusha molasi mpya yenye joto, hiyo ikamwagika kwenye hewa ya baridi ya Januari, ikaanza kuganda huku watu wamo ndani. Dakika za kwanza iliua kama maji, saa zilizofuata ikawashikilia majeruhi kama ulimbo.

Mama Kihamba

Nimesoma swali nikaruka moja kwa moja kwenye "walilamba vidole". Kitoe hicho.

Kati ya wale 21 kulikuwa na watoto wawili wa miaka 10. Wengine ni wafanyakazi wa manispaa waliokuwa kwenye chakula cha mchana, na mmoja ni mzimamoto aliyebanwa chini ya kituo chao baada ya wimbi kuking'oa kwenye msingi. Hao huwezi kuwachekea. Unayemcheka ni mwenye mkebe wa rangi ya kahawia.

Wewe uko uchagani, utani unaujua. Mtani akija msibani anaruhusiwa kusema marehemu alikuwa mvivu hata kufa kafa amelala, na watu wanacheka huku machozi yanatoka. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayechota maji na kushika jembe makaburini. Mtani asiyeshika jembe ni mlevi tu aliyepotea njia. Jembe lako wewe ni usahihi: saa ilikuwa saa sita na nusu mchana na dakika chache, mtaa ni Commercial Street, North End, wakazi wengi ni wahamiaji wa Kiitaliano ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka tangi la mita 15 dirishani.

Na bia ya London nayo umepigwa. Tarehe 17 Oktoba 1814, kiwanda cha Meux, pipa la mbao lenye kimo cha mita 6.7, limefungwa kwa pete za chuma. Saa kumi na nusu jioni karani wa ghala, George Crick, akaona pete moja imechomoka, pete ya kilo 318. Akatoa taarifa, akajibiwa kwamba hakuna neno. Na kwa kweli pete zilikuwa zinachomoka mara mbili tatu kwa mwaka, kwa hiyo walishazoea. Crick akaandika barua ya kuomba itengenezwe. Saa moja baadaye pipa lilipasuka, Crick amesimama palepale, barua bado mkononi. Hicho ndicho kichekesho, na ni cha kweli. Kila ofisi ina barua ya Crick mahali fulani inasubiri sahihi.

Walikufa wanane, wote wanawake na watoto, watano kati yao wakiwa kwenye msiba wa mtoto wa miaka miwili. Hadithi ya watu kunywa mpaka kufa haimo kwenye magazeti ya siku zile, ilizuka baadaye. Kilichoandikwa ni kwamba umati ulitulizwa ili vilio vilivyokuwa chini ya kifusi visikike. Kampuni ikarudishiwa kodi ya bia iliyomwagika. Wafiwa walichangiwa na wapita njia.

Ukitaka kabisa watu waliokufa kwa kunywa, nenda Dublin, 18 Juni 1875. Ghala la wiski lilishika moto, wiski ikashuka mtaani ikiwaka kwa zaidi ya mita 400. Watu wakaja na kofia, wakaja na viatu, wakakinga. Walikufa 13 na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa moto wala moshi, wote ni pombe. Mkuu wa zimamoto, Ingram, aliona maji yatausambaza tu ule moto, akaagiza mbolea ya farasi imwagwe barabarani iwe tuta. Hapo hata mimi ningecheka, ila nawe uvue kofia kwanza.

Msafiri wa Kifodi

Mbona mnaacha habari ya bomu? Kampuni ilisema ni wale wapinzani wa serikali wanaolipua majengo. Molasi ya tangi ilikuwa ya kutengenezea spiriti ya viwanda vya silaha, vita ndiyo kwanza imekwisha, inaingia akilini.

Fundi Tangi wa Njiro

Inaingia akilini, ndiyo maana kampuni iliipenda. Mabomu ya watu hao yalikuwepo kweli mjini humo miaka ile. Ila bomu huacha alama zake kwenye chuma, na waliosikia walisema ni mlio kama bunduki ya rashasha, tatatata, ambao ni ribiti zikichomoka moja baada ya nyingine. Watu 119 walifungua kesi. Hugh Ogden, aliyeteuliwa na mahakama kuisikiliza, alikaa na ushahidi kwa miaka kadhaa, akatupa bomu nje, kampuni ikalipa zaidi ya dola 600,000.

Kahawa Chungu, hapo una mstari wako wa nyumbani. Mchaga akikosa anatumwa mtu na isale, lile jani la kuombea msamaha. Hawa hawakuja na isale, walikuja na mawakili.

Kahawa Chungu, Moshi

Nimewaelewa, vidole nimevifuta. Sasa mpangilio: nianze na kishindo halafu nirudi nyuma, au nianze 1915? Na nilitaka nibebe molasi yenyewe, igizo dogo.

Mpare Mtani

Anza 1915. Ukianza na kishindo, dakika 20 zilizobaki unafukuza watu waliokwisha shiba. Jell na inchi zake sita dakika tano, uvujaji na rangi dakika tano, halafu kishindo kipite haraka, dakika tatu, na hapo usitie utani hata chembe. Sauti ishuke. Kicheko kitarudi chenyewe ukifika kwenye usafi: maji yasiyo na chumvi yalikuwa hayafui dafu, ikabidi boti ya zimamoto ivute maji ya chumvi bandarini, mchanga ukamwagwa, na bandari ikabaki ya kahawia mpaka kiangazi. Rangi ileile ya kampuni. Wao walipaka tangi, tangi likapaka mji. Kisha kesi, dakika saba, ukae chini.

Igizo linafaa ila lina mitego. Chukua chupa mbili za nusu lita zinazofanana, uzijaze nusu. Moja ilale kwenye friji usiku kucha, nyingine iweke kwenye maji ya moto dakika kumi kabla ya kuanza. Zilaze zote mbili kwa pamoja mbele ya watu. Ya moto inakimbilia mdomoni, ya baridi inafikiria kwanza. Hapo ndipo unaeleza kwa nini waokoaji walizidi kushindwa kadiri muda ulivyokwenda. Usijaribu kuonyesha lile wimbi kwa chupa, Fundi ameshasema, kwa kiasi kidogo mnato unashinda na utakuwa umemthibitishia mfugaji kwamba wewe ni mwongo.

Mtego mkubwa ni molasi yenyewe. Nyingi inayouzwa rejareja imeshatiwa maji ili ichanganyike kirahisi na mabua. Pima kwanza kwenye mizani ya duka: lita moja kamili ikisoma chini ya kilo 1.3, umeuziwa chai, chupa zako mbili zitamwagika sawasawa na igizo limekufa.

Likibaki la ziada la mwisho, usivuke bahari. Agosti 1914, Ziwa Nyasa, kapteni Mwingereza Rhoades anaamriwa akaizamishe meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyopandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Liuli. Kapteni wa Kijerumani, Berndt, ni rafiki yake wa kunywa naye. Rhoades anafyatua mzinga. Berndt habari za vita hazijamfikia. Anapiga makasia kwa hasira kwenda kumuuliza rafiki yake kama amelewa. Anatekwa palepale. Hakuna msiba ndani yake, kwa hiyo pale unaweza kucheka mpaka uanguke.

Au Kongwa, mradi wa karanga wa Waingereza, 1947 mpaka 1951. Pauni zaidi ya milioni 36 zilipotea, vifaru vya vita viligeuzwa matrekta kung'oa mibuyu, na ardhi ya mfinyanzi ikikauka inakuwa saruji, karanga zinabaki chini kama zimezikwa rasmi. Ila hiyo peke yake inakula dakika 25, usiichomeke.

Mama Kihamba

Nyongeza moja kwa sababu umesema Majengo. Mtu yeyote akichomekea yale ya Februari 2020 hapo hapo kwenu, watu walipokanyagana kwenye ibada, mkatishe. Watu 20, na wenye msiba huo wanaweza kuwa wamekaa benchi la pili. Vilevile ajali ya basi la wanafunzi Karatu, Mei 2017. Boston ina zaidi ya miaka mia, hayo mengine bado yana mama zake.

Kahawa Chungu, Moshi

Nimepokea, Mama. Molasi nimeipima leo: kilo 1.38. Swali la mwisho, ikimwagika kwenye meza ya watu?

Fundi Tangi wa Njiro

Maji ya moto na sabuni, mara mbili, kabla haijapoa. Na hilo dumu lisikae juani mfuniko ukiwa umekazwa. Molasi iliyopata maji huchacha na gesi yake hutafuta pa kutokea. Legeza mfuniko robo ya mzunguko. Likianza kuvuja, usilipake rangi.