Ulimi wa mama umekuwa mwekundu na laini: ni chakula au ugonjwa?

Binti Mkubwa: Habari zenu. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 67, aliacha nyama, mayai na maziwa zamani, na sasa ulimi wake umekuwa mwekundu sana, unang'aa bila vile vinundu vidogo vya kawaida, kiasi kwamba hata mchuzi wenye pilipili kidogo unamchoma. Je, hii ni dalili ya nini?

Mkunga Mstaafu: Pole, mwanangu. Ulimi wa namna hiyo mara nyingi huashiria upungufu wa vitamini B12, asidi ya foliki au madini ya chuma. B12 haimo kwenye mchicha wala maharage, na kwa kuwa ini huihifadhi kwa miaka, upungufu wake huchelewa kujitokeza. Apimwe damu. Muulize pia kama miguu inamfa ganzi, na kama anameza metformini ya kisukari, kwani dawa hiyo hupunguza ufyonzwaji wa B12.

Jirani wa Pangani: Si kila rangi ni ugonjwa, mwanangu alinitisha kwa ulimi wa urujuani, kumbe alikuwa amemaliza sahani nzima ya zambarau! Lakini utando mweupe unaokwanguka na kuacha wekundu huenda ukawa fangasi, nao hutaka dawa.

Binti Mkubwa: Shikamoo, mama mkunga. Ganzi anayo nyayoni, na metformini anameza kila siku. Kesho asubuhi tunakwenda kupima.