Naomba ushauri: sefu la kuhifadhia shotgani na bastola nyumbani, nichukue lipi?

Mkulima wa Muheza

Wakuu, habari za leo. Naombeni mnisaidie, jambo hili limeninyima usingizi wiki nzima.

Nina shotgani moja na bastola moja, zote zina leseni. Shotgani ni ya shamba. Nalima machungwa na mahindi kidogo Muheza, na nguruwe pori wakiingia usiku mmoja wanamaliza kazi ya msimu. Bastola niliombea kibali baada ya kuvamiwa njiani nikiwa na fedha za mauzo. Familia iko Tanga mjini: mke wangu na watoto watatu, wa miaka 12, 9 na 5.

Kwa miaka sita shotgani imekaa juu ya kabati la nguo, nimeizungushia shuka. Bastola iko kwenye droo yenye kitasa. Nilijua watoto hawana habari. Jumapili iliyopita tukiwa mezani, wa kati akaniuliza: "Baba, ile bunduki ya juu ya kabati inapiga mpaka wapi?" Nilishindwa kumeza. Nilipomhoji taratibu akakiri kwamba alishawahi kupanda kiti akaishika. Haikuwa na risasi, namshukuru Mungu, lakini pakiti ya risasi ilikuwa kwenye droo hatua mbili kutoka pale.

Sasa nimepata njia tatu. Kuna sefu dogo la namba, kama yale ya vyumba vya hoteli, ila linatosha bastola peke yake. Kuna kabati refu la kutoka nje linalofunguka kwa alama ya kidole, muuzaji yuko Dar. Na kuna fundi wa kuchomelea hapa Ngamiani anasema atanitengenezea. Bajeti ni laki nane, nikijibana sana milioni moja. Nyumba ni yangu, tofali za saruji na sakafu ya zege. Mchana mara nyingi hakuna mtu.

Mzee wa Kombania

Kijana wangu, nimestaafu jeshi la polisi, nakuambia kama mwanangu. Sefu litakuja wiki ijayo au mwezi ujao. Mtoto yuko nyumbani leo. Usiku huu huu toa risasi zote kwenye chumba hicho, zifungie mahali pengine kwa kufuli ambalo ufunguo wake unatembea nao. Kisha kesho nenda kituo ulichosajili silaha, waulize kama wanaweza kukushikia shotgani mpaka uwe tayari. Hakuna aibu katika kuuliza hivyo.

Halafu kumbuka, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, anayetafutwa silaha ikipotea ni mwenye leseni, wala si kabati. Andika namba za silaha zako kwenye karatasi, iweke nyumba nyingine kabisa. Nimeona watu wakija kuripoti wizi na kitabu cha leseni kimeibwa pamoja na bunduki. Mtu anasimama kaunta hana hata namba ya kutupa.

Fundi Gerezani

Mkuu, mimi nachomelea mtaa wa Gerezani, Dar, mwaka wa 17 huu, na makabati ya silaha nimeshatengeneza kadhaa. Sitaki kazi yako, uko mbali, kwa hiyo nitasema ukweli wote.

Kitu cha kwanza uliza unene wa chuma. Watu wanaangalia rangi na mpini. Sefu dogo la hotelini mwili wake mara nyingi ni bati la milimita moja na nusu au mbili, mlango umenenepeshwa kidogo ili ukiushika uone uzito. Mwizi hahangaiki na mlango. Analibeba lote kwenye kiroba, analifungulia kwake kwa nafasi. Na mengine ya bei rahisi kitasa chake kinashikiliwa na sumaku ndogo tu, ukilipiga kofi zito linaachia. Dukani mwombe muuzaji akufungie, ulitikise mwenyewe. Akikataa, ondoka.

Sasa la kutengeneza. Shotgani nyingi zinakaribia mita moja na robo kwa urefu, kwa hiyo ndani unahitaji mita 1.4 kwenda juu, sentimita 45 upana, 40 kina. Hapo utatumia kama mita za mraba 2.7 za pleti. Chuma cha milimita moja kina karibu kilo 8 kwa mita ya mraba. Piga hesabu: bati la milimita moja na nusu linakupa kabati la kilo 32, watu wawili wanatoka nalo mlangoni wanacheka. Milimita 4 ni kilo 86 hivi. Milimita 6 ni kilo 130, na hapo hatujaweka mlango wa kunenepesha. Kwa bajeti yako mwambie fundi milimita 4 mwili, 6 mlango.

Bawaba ziwe za ndani. Zikiwa nje, nyuma ya mlango achomelee nondo au pleti inayoingia ndani ya fremu, ili hata bawaba zikikatwa na grinda mlango usitoke. Makomeo yasiwe upande mmoja. Yawe matatu kwenda pembeni, moja juu, moja chini. Pengo kati ya mlango na fremu likiruhusu ncha ya mtaimbo kuingia, mwambie arudie. Usimwonee haya.

Na hili ndilo watu hawafanyi: lifunge. Matundu manne chini, bolti za milimita 12 zile zinazojipanua ndani ya zege, na mawili mgongoni. Bolti zikazwe kutokea ndani. Liweke kwenye kona, kuta mbili zilibane, ili mtaimbo usipate pa kupindia. Angalia tu ukuta wako, tofali zikiwa za matundu bolti haishiki vizuri, tegemea sakafu.

Mtoto wa Pwani, Texas

Fundi ameongea vizuri. Naongeza kuhusu alama ya kidole, maana huku Marekani ndiko zinakouzwa kwa wingi.

Oktoba 2023 wakala wa serikali wa usalama wa bidhaa ulitangaza kurudishwa kwa masefu ya chapa ya Fortress ya alama ya kidole yapatayo 61,000. Mnunuzi alidhani ameshasajili kidole chake, kumbe sefu lilikuwa bado linakubali kidole cha mtu yeyote. Tangazo hilo lilihusishwa na kifo cha mtoto wa miaka 12. Miaka 12, Mkuu, sawa na mkubwa wako. Mimi nina watoto wawili, baada ya kusoma ile habari nilikwenda kwenye sefu langu nikawaita wote wajaribu vidole vyao vyote kumi, na mke wangu vilevile. Halikufunguka. Lakini sikulala vizuri mpaka nilipobadilisha likawa la vitufe.

Ukiona kabati la nje limeandikwa unene kwa geji, namba inakwenda kinyume, kama mabati yetu: geji 28 ni nene kuliko 30. Geji 14 ni karibu milimita 1.9, geji 12 ni karibu 2.7. Kwa hiyo kabati la dola nyingi la geji 14 ni jembamba kuliko atakalokupa fundi wako. Hata kiwango cha chini cha huku, kile cha UL, shirika la kupima usalama wa bidhaa, cha masefu ya nyumbani, kipimo chake ni mtu mmoja na zana za mkono kwa dakika 5. Dakika tano tu.

Mama Zuhura

Kaka yangu, pole kwa mshtuko. Nimesoma chuma na bolti mpaka mwisho, sijaona mtu aliyeuliza ufunguo utakaa wapi.

Watoto wanajua kila kitu kilipo ndani ya nyumba. Wanajua ninapoficha sukari guru, wanajua chaji ya baba yao, wanajua pochi. Mwanao alijua bunduki miaka na wewe hukujua kwamba anajua. Ukiweka ufunguo nyuma ya picha au chini ya godoro, umerudi pale pale juu ya kabati. Ufunguo mmoja uwe mwilini mwako, hata kulala. Wa akiba mpe mama yako au ndugu nje ya nyumba, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi. Ukichagua namba, isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto.

Na ukae na yule wa kati uongee naye, usimpige. Amekuambia ukweli, mwache aone kwamba ukweli ulikufaa.

Nahodha Likoni

Niko Mombasa, hali ya hewa yetu na yenu ni moja. Adui wako wa kila siku ni kutu. Msifungie silaha kwenye mfuko wa ngozi au turubai ndani ya sefu, ngozi inashika unyevu kama sponji. Ukiigusa, ifute na kitambaa chenye mafuta ya bunduki kabla ya kuirudisha, jasho la vidole linaacha alama ndani ya siku chache. Weka vipakiti vya silika, vile vya kunyonya unyevu, na kipima unyevu kidogo, kikizidi asilimia 50 au 60 kausha vipakiti upya.

Jihadhari pia na masefu yanayosifiwa kwa moto. Mengi yana jipsamu ndani ya kuta. Jipsamu imebeba maji, moto ukija yanageuka mvuke na kupoza. Kazi nzuri, lakini kwetu pwani hewa ya ndani inakuwa nzito. Nyumba yako ni ya tofali, mimi ningeachana na hilo la moto.

Kijana wa Pongwe

Si aweke tu bakuli la chumvi ndani? Inavuta maji.

Nahodha Likoni

Hapana ndugu yangu, usimwambie mtu hivyo. Chumvi inavuta maji kisha inakaa juu ya chuma. Nimekaa na mashua maisha yangu yote, najua chumvi inafanya nini kwa chuma.

Mkulima wa Muheza

Nimesoma yote mara mbili, mara ya pili na mke wangu. Mzee, risasi zimetoka chumbani usiku ule ule, na shotgani leo asubuhi iko kituoni, wamenipa karatasi.

Alama ya kidole nimeiacha kabisa. Naelekea kwa fundi wa Ngamiani. Swali limebaki bastola: naiweka kwa sababu ya usiku, sasa nikiifungia kwenye kabati la makomeo matano, itanisaidia nini?

Fundi Gerezani

Mwambie achomelee kisanduku ndani ya kabati, juu, chenye mlango wake na ufunguo tofauti. Hicho ni cha risasi za shotgani. Bastola mchana nayo iingie kabatini. Usiku, kama lazima iwe karibu, nunua kile kisanduku kidogo cha vitufe, ukifunge kwa bolti kwenye ukuta upande wako wa kitanda, ubadilishe namba ya kiwandani siku hiyo hiyo. Kikifungwa hapo kisanduku chembamba kinatosha, maana wewe upo.

Mzee wa Kombania

Na asubuhi irudi kabatini kabla mtoto hajaamka. Siyo ukishapiga mswaki. Kabla.

Mkulima wa Muheza

Nimeelewa, Mzee. Nimepima kona ya chumba: sentimita 52 kutoka dirishani hadi ukutani, na nimegonga tofali, ni za kujaa. Fundi anakuja kesho saa mbili kuchukua vipimo. Nimemwandikia milimita 4 na 6 kwenye karatasi, na pleti nitakwenda kununua naye mwenyewe nikiwa na kipimo mkononi.