Mama yuko kwenye kemo, tumeletewa virutubisho vya 250,000: nimpe au nisubiri?

BintiUjiji
Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Nipo Ujiji, Kigoma, namuuguza mama yangu, ana miaka 56. Ni saratani ya titi. Alishafanyiwa upasuaji, sasa anapata kemo (dawa za kuua seli za saratani) Mwanza kila baada ya siku 21. Ameshamaliza dozi mbili kati ya nne za ile dawa nyekundu (doxorubicin) inayoenda pamoja na cyclophosphamide. Tunapanda basi, anatundikiwa dripu, tunalala kwa shemeji siku mbili, tunarudi nyumbani.

Kinachoniumiza ni kula. Kabla ya kuanza alikuwa na kilo 58, wiki iliyopita mzani wa zahanati umesoma 51. Anasema kila kitu kina ladha ya chuma. Harufu ya samaki ikimfikia kutoka jikoni anatoka nje kabisa, na huyu ndiye mama aliyekuwa anamaliza mgebuka mzima peke yake. Siku tano za kwanza baada ya dripu anaishi kwa chai ya rangi na matonge mawili ya ugali wa muhogo.

Juzi jirani kaja na muuza virutubisho. Chupa tatu: moja vitamini C ya kiwango kikubwa, ya pili vitamini A na E pamoja na mbegu za zabibu, ya tatu ya kuongeza damu, ndani ina madini ya chuma na B12. Anasema zinasafisha sumu ya kemo na kulinda seli. Kaka yangu kashatuma nusu ya hela. Chupa ziko mezani na mama ananiangalia mimi nitasemaje. Dozi ya tatu ni Alhamisi ijayo. Nimpe au nisubiri? Na kama ni kusubiri, nimpe nini apate nguvu?

Mwandiga1
Pole sana dada. Usifungue hata moja. Piga picha maandishi yote ya nyuma ya kila chupa, na hiyo nusu ya hela iliyobaki isitumwe kwanza.

NesiWaZamu
BintiUjiji, pole kwa kuuguza. Nimefanya kazi wodi ya wagonjwa wa saratani miaka kadhaa, nitakwambia ninavyoelewa, lakini neno la mwisho ni la daktari anayemtibu mama.

Hilo la "kulinda seli" ndilo linalonitia wasiwasi. Dawa nyekundu, pamoja na njia zake nyingine, huua seli za saratani kwa kuzalisha kemikali kali za oksijeni ndani yake. Vitamini C, E na mbegu za zabibu kwa viwango vya vidonge ni antioksidanti, kazi yake ni kuzima kemikali hizo. Kidonge hakichagui seli ya kulinda. Ndiyo maana madaktari wengi wa saratani huwaambia wagonjwa waviache wakati wa kemo na mionzi.

Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020, ulifuatilia wanawake zaidi ya 1,000 wenye saratani ya matiti waliokuwa kwenye dawa hizi hizi za mama. Waliokuwa wakimeza vidonge vya B12 au vya madini ya chuma, ugonjwa uliwarudia zaidi kuliko wasiomeza. Kwa antioksidanti dalili zilielekea huko huko, ila hazikuwa na nguvu ya kutosha. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba vidonge ndivyo vilivyosababisha, lakini kwangu unatosha kuziacha chupa zikae kabatini mpaka daktari azione.

Kuhusu damu: kemo hupunguza damu kwa sababu inagusa uboho, mahali damu inapotengenezwa. Madini yanaweza kuwa yapo ya kutosha, kiwanda ndicho kimechoka. Kumpa chuma bila kipimo ni kubahatisha, na vidonge hivyo hufunga choo, wakati mama hali vizuri. Akipimwa akaonekana ana upungufu kweli wa chuma, B12 au vitamini D, hapo daktari mwenyewe atamwandikia. Virutubisho havikatazwi, vinahitaji sababu.

Sasa jambo ambalo hukulipa uzito unaostahili. Kilo 7 kutoka 58 ni asilimia 12 ya mwili wake. Usisubiri Alhamisi kulisema hilo, piga simu kliniki kesho. Dozi ya kemo hupimwa kwa urefu na uzito, kwa hiyo ni lazima wajue. Na waambie kichefuchefu kinamzuia kula siku tano, wanazo dawa za kuzuia zenye nguvu kuliko za mwanzo. Mgonjwa asiyetapika anakula, na hakuna chupa inayofanya kazi hiyo.

KakaWaTabora
Nesi nakuheshimu, ila mimi nina shahidi. Shangazi yangu hapa Tabora alimeza virutubisho mwanzo mpaka mwisho wa kemo, leo mwaka wa sita anauza duka lake. Msimkatishe tamaa huyu dada.

NesiWaZamu
Kaka, namshukuru Mungu kwa shangazi yako, kwa moyo wangu wote. Lakini alipata kemo pia, na hatuwezi kujua angekuwaje bila vidonge. Nakuomba umwulize jambo moja: je, daktari wake alijua anavimeza?

KakaWaTabora
Nimempigia. Anasema alimwonyesha daktari, akaondolewa vitatu akaachiwa kimoja, multivitamini ya kawaida, kwa sababu alikuwa hali. Hilo sikuwa nalijua.

Kibirizi_Ziwani
Mimi sitasema mengi. Baba yangu alikuwa na saratani ya koo la chakula. Tulipewa majani ya mstafeli tukaambiwa yanashinda dripu, tukachemsha, akanywa miezi minne, kliniki hatukurudi. Tulipomrudisha hata maji yalikuwa hayapiti. Nilikuwa na miaka 24 na mimi ndiye niliyekuwa nachemsha. Dada, chochote utakachoamua juu ya chupa, Alhamisi msikose.

MamaWaGungu
Mwanangu, pole. Mimi nimepita njia hiyo mwenyewe, nitakueleza ya jikoni.

Mama asipikiwe karibu na anapokaa. Chakula cha moto kinatoa harufu, mpe kilichopoa: yai la kuchemsha, kiazi kitamu cha baridi, maziwa yaliyochemshwa yakapoa, mtindi. Ile ladha ya chuma, mpe kijiko cha plastiki au cha mti. Kama hana vidonda mdomoni, ndimu kidogo inasaidia. Chai ya tangawizi hutuliza tumbo, ila isiwe kali.

Ugali wa muhogo unashibisha lakini hauna protini ya maana. Mimi niliambiwa kwa kila kilo ya mwili gramu 1 hadi 1.5 za protini kwa siku, kwa mama yako ni kati ya 51 na 76. Hesabu hivi: yai kama 6, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, kiganja cha karanga 7. Dagaa wetu wakavu ni zaidi ya nusu protini, ila kama harufu inamshinda usimlazimishe, ataanza kuchukia na vingine. Siku ya kumi hivi hamu ikirudi, ndipo umletee dagaa.

Asile mara tatu. Ale mara sita au saba, nusu kikombe nusu kikombe. Uji upikwe kwa maziwa, utiwe karanga zilizosagwa na kijiko cha mafuta. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ni kama kalori 120, hajui hata kama kipo. Mimi nilikuwa naamka saa nane usiku kunywa uji, na huo wa usiku ndio nilikuwa siutapiki.

Mdomo ukianza kuuma, lita moja ya maji yaliyochemshwa, kijiko cha chai cha chumvi na kimoja cha soda ya kuokea (baking soda), asukutue na kutema mara nne tano kwa siku.

BintiUjiji
Mama wa Gungu nimelia, Mungu akuweke. Kibirizi pole sana, kaka, ulikuwa unampenda baba. Maswali mawili: mawese nayo yana vitamini A, niyaache? Na juisi ya rosela wanayosema inaongeza damu?

NesiWaZamu
Mawese mpikie kama kawaida. Kinachoogopwa ni kidonge kilichobeba kiasi ambacho mtu hawezi kukila kwenye sahani. Rosela ni kinywaji kizuri tu, lakini wekundu wake si damu, na kama tumbo linawaka uchachu utamsumbua.

Nimesahau kubwa kuliko yote. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, seli nyeupe zinashuka sana. Nunua kipimajoto. Kikisoma 38 au zaidi, hata kama ni usiku wa manane, mpeleke hospitali ya Maweni na useme mlangoni kwamba yuko kwenye kemo. Usimpe parasetamo ukasubiri asubuhi, inashusha joto na kuficha hatari. Maziwa yasiyochemshwa na mayai mabichi asiguse, na matunda yaoshwe kwa maji safi, yamenywe.

BintiUjiji
Ndugu zangu, nimerudi na mrejesho. Nilipiga simu siku ile ile, wakaniambia niende na chupa zote. Daktari amezisoma moja moja, amesema zote tatu zisubiri mpaka kemo iishe. Damu imepimwa, chuma kipo cha kutosha. Wamembadilishia dawa ya kichefuchefu na wakapiga hesabu ya dozi upya kwa uzito wa sasa. Kaka yangu nilimpa simu aongee na daktari mwenyewe, akanyamaza muda mrefu, halafu akasema ile nusu ya hela itakuwa ya mayai na maziwa.

Leo ni siku ya sita tangu dripu. Safari hii ametapika mara moja tu. Jana saa nane usiku ameniita mwenyewe: "Mwanangu, ule uji upo?" Asubuhi mzani umesoma 51 na nusu.

Naombeni jambo moja la mwisho. Karanga nilizonunua sokoni zina ukungu, nimezitupa zote kwa kuogopa sumukuvu. Nani anajua pa kupata karanga mpya za mwaka huu hapa mjini au Mwandiga?

Mwandiga1
Dada, shangazi yangu amevuna wiki mbili zilizopita, bado anazianika. Nitumie ujumbe binafsi, kesho nashuka mjini nakuletea debe.