GPA 3.2, Fizikia E: udaktari ndio basi tena?

Bint Vitongoji

Asalaam alaykum wakubwa kwa wadogo. Mie ni mtoto wa Pemba, umri miaka 24. Mwaka huu nimemaliza shahada ya sayansi (Kemia na Baiolojia) huko Dar, GPA (wastani wa alama za chuo) 3.2 kwa 5. Ulioniangusha ni mwaka wa kwanza: 2.6, na sapu (mtihani wa marudio) ya kemia ya oganiki juu yake. Skuli niliyotoka tulikuwa na bureti (mrija wa kioo wenye koki, wa kupimia asidi) mbili darasa zima, unaangalia mwenzako anavyofungua koki na wewe unaandika. Nikafika kule kila mtu na bureti yake, siku ya kwanza nikammwagia asidi mwenzangu hadi kwenye viatu. Mwaka wa pili nikapata 3.2, wa tatu 3.9.

Ninachokitaka ni udaktari, na si leo wala jana. Fomu siksi nilipata Baiolojia C, Kemia D, Fizikia E. Hesabuni wenyewe, pointi 6. Niliomba MD (shahada ya udaktari) sikuchaguliwa, nikaingia sayansi nikijua nikishika shahada ile E haina wa kuiuliza tena. Sasa mtoto wa ami yangu aliyeko Marekani ananambia GPA ndiyo kila kitu na kwa 3.2 nisijisumbue. Na baba, kila tukikaa kuchambua karafuu, lazima aulize "chuo kimesemaje?", utadhani chuo kinapiga simu.

Naomba mnieleweshe. GPA yangu itaangaliwa? Na ule mwaka wa kwanza utanifuata mpaka lini?

Karafuu Kavu

Aliyekwambia shahada inafuta E ni nani? Hebu mlete hapa tumuone.

Babu wa Bandarini

Waalaykum salaam mjukuu wangu. Nenda ukafundishe skuli. Walimu wa Kemia wanatafutwa kwa tochi, na madaktari wako kibao mitaani wanasubiri ajira.

Bint Vitongoji

Shikamoo babu. Kufundisha sikukatai, lakini hilo silo nililouliza 😅

Tabibu wa Mkoani

Dada, mtoto wa ami yako hakukudanganya. Amekueleza ya kwao, nawe umeyachukua kama ya kwetu.

Marekani udaktari unasomwa baada ya shahada ya kwanza, ndiyo maana GPA ya shahada inapimwa kwa mizani ya dhahabu. Kwetu MD yenyewe ndiyo shahada ya kwanza: miaka mitano darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitali. Ukiomba SUZA hapa nyumbani au MUHAS kule Dar, kinachofunguliwa mwanzo ni matokeo yako ya fomu siksi. Fungua kitabu cha mwongozo cha TCU, ile tume ya vyuo vikuu, tafuta Doctor of Medicine, usome mstari mzima usiishie nusu. Utakuta Fizikia, Kemia na Baiolojia, jumla isipungue pointi 6. Wengi wanaishia hapo. Mbele yake kuna maneno mengine: D kila somo. A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Wewe una 3 na 2 na 1, sita imetimia, lakini E imekutoa. Mwenye D tatu ana sita kama yako na sifa anazo. (Ana sifa, nimesema. Kuchaguliwa ni habari nyengine, maana anashindana na wenye B na A.)

Kwa hiyo ile 2.6 ya mwaka wa kwanza hata hawajaifikia. Umekwama mlango wa kabla ya huo.

Njia ziko mbili. Ya kwanza, kurudia Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea, mtihani ni Mei. Ya pili ndiyo niliyopita mie: diploma ya utabibu, miaka mitatu, halafu unaomba MD kwa wastani wa B au GPA 3.0.

Kabla sijaendelea nitajie matokeo yako ya fomu foo. Yote, usiruke hata moja.

Karafuu Kavu

Fomu foo tena? Tunarudi mpaka chekechea?

Tabibu wa Mkoani

Subiri uone.

Ughaibuni Baridi

Mie niko Marekani mwaka wa tisa, nafanya kazi maabara ya hospitali, nimewaona vijana wengi wakipita njia hii. Naongezea kwa upande wa huku asije akauza shamba la watu bure.

Wanaopokelewa vyuo vya udaktari huku wastani wao ni kama 3.8 kwa 4, na mtihani wao wa MCAT, ambao mwisho wake ni 528, wanapata kama 511 au 512. GPA ya masomo ya sayansi wanaihesabu peke yake, na somo ulilofeli ukalirudia linabaki na alama zote mbili. Ukipanda mwaka hadi mwaka wanakuona, na hiyo 2.6 kwenda 3.9 ni ngazi nzuri kabisa. Lakini dada, alama za chuo cha nje mfumo wao wa maombi hauziingizi kwenye hesabu ya GPA. Yaani 3.2 yako huku si nzuri wala si mbaya, haihesabiwi. Vyuo vingi vitakutaka usome kwanza masomo kadhaa chuo cha huku, kwa pesa yako, na vinavyopokea mgeni asiye na ukaazi ni vichache. Huyo mtoto wa ami yako muulize ada kwanza, GPA mtazungumza baadaye.

Mke wa Nahodha

Samahani nadandia uzi. Hiyo GPA ina kazi kwengine. Masta ya afya ya jamii na nyenginezo, vyuo vingi vyetu vinaanzia 2.7, kwa hiyo 3.2 unaingia. Mie nilifanya hivyo. Sivai koti jeupe lakini niko kwenye mambo ya malaria kila siku ya Mungu.

Bint Vitongoji

Ahsante dada. Nitalifikiria, ingawa nikisema kweli roho haijaenda huko.

Tabibu, nimekwenda kukifukua cheti sandukuni kwa mama. Fomu foo: Baiolojia B, Kemia B, Fizikia C, Kiingereza C, Kiswahili A, Jiografia C. Hesabu... F.

Karafuu Kavu

Ehee.

Tabibu wa Mkoani

Hiyo ndiyo niliyokuwa naiogopa.

Sikiliza vizuri, hapa ndipo wengi wanapotea. Kuingia diploma ya utabibu wanataka ufaulu fomu foo masomo manne, ndani yake Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hesabu ukiwa nayo ni nyongeza tu. Kwa cheti chako utapokelewa vizuri kabisa, utasoma miaka mitatu, utatoka na 3.5 yako. Halafu siku unaomba MD kwa hiyo diploma wanakwambia: tunataka angalau D ya fomu foo kwenye Hesabu, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Tulikuwa na mwenzetu darasani, mkali kuliko sote, ndiye aliyekuwa akitufundisha farmakolojia usiku. F ya Hesabu. Sisi tumekwenda, yeye akarudi Mei iliyofuata... samahani, Novemba, fomu foo ni Novemba, akakaa chumba kimoja na watoto wa miaka kumi na saba kufanya aljebra.

Kwako wewe naona usiende diploma. Una C na D za fomu siksi mkononi, kilichobaki ni E moja. Kuivuta E ya Fizikia iwe D ni kazi ya miezi minane tisa kwa mtu aliyekwisha kusoma miaka mitatu ya chuo. Ukiwa na nguvu ivute na Kemia ifike C, pointi zitakusogeza kwenye ushindani. Jisajili kituo chenye maabara inayofanya kazi, usikubali kituo cha karibu kwa sababu ya nauli tu. Kuna karatasi ya vitendo, na wewe na bureti historia yenu umeshatueleza.

Babu wa Bandarini

Na Hesabu?

Tabibu wa Mkoani

Kwa njia ya fomu siksi sharti lile la diploma halimgusi, mzee wangu. Ila akitaka usingizi mzuri, airudie na hiyo.

Bint Vitongoji

Nimemsomea baba yote haya. Kanyamaza, kaendelea kuchambua, halafu kaniuliza: "Kwa hiyo chuo kimesema Mei?" Nikamwambia ndiyo baba, kimesema Mei.

Mwenye notisi za Fizikia za fomu siksi, khasa mekanika na umeme, naomba aniazime. Niko Chake, nitazifuata popote hata Micheweni.

Karafuu Kavu

Ninazo. Ukurasa wa mwanzo paka kaula. Njoo Ijumaa baada ya sala.